Amani na Saadani kwa safari moja, pamoja na watoto na bibi: inawezekana?

*"Habari za kazi. Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Dar: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 10 na 6, na mama mkwe wangu wa miaka 67 ambaye ana presha na magoti yanamsumbua. Tuna siku sita, ama wiki ya Pasaka ama mwezi wa sita shule zikifungwa. Tunataka tuanze na msitu wa Amani kule Muheza, kisha tushukie Saadani tukaone simba ufukweni kama wale wa kwenye picha. Rafiki yangu alikwenda Amani akarudi analalamika kwamba amepoteza hela, hakuona mnyama yeyote isipokuwa vipepeo. Shemeji yangu naye anasema huko ni malaria, nyoka na mbung'o watupu, nisithubutu kupeleka watoto. Gari letu ni Noah. Tufanyeje?"*

Dada, uamuzi wangu naanza nao, sababu zitafuata. Nendeni, lakini iwe Juni. Laleni Amani usiku tatu na Saadani usiku mbili. Noah isipande mlimani wala isiingie Saadani. Na huyo simba wa ufukweni, waambieni watoto mapema kwamba huenda wasimwone, msije mkashinda siku nzima mnabembeleza vilio.

Rafiki yako na shemeji yako wote wamesema jambo lenye ukweli ndani yake. Rafiki alikwenda Amani akitafuta kitu ambacho hakipo. Shemeji amechukua hatari za sehemu tatu tofauti akazirundika sehemu moja. Tuanze na rafiki, maana malalamiko yake nayasikia kila mara kutoka kwa Watanzania waliozoea Mikumi na Serengeti.

Mbugani chakula kiko chini. Jua linapiga ardhi, nyasi zinaota, swala na nyumbu wanakula nyasi, simba anakula swala, na wewe unawaona wote kwa sababu hakuna cha kukuzuia. Msitu wa mvua umejipanga kinyume. Jua lote linanyakuliwa na matawi ya juu, mita 30 au 40 kutoka ulipo, na mwanga unaofika chini ni mdogo sana. Pasipo mwanga hapana nyasi, na pasipo nyasi hapana makundi ya wanyama. Majani machanga, maua na matunda yako juu, na walaji wako huko huko. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe begani, anaweza kukaa tawi moja muda mrefu akisaga majani tumboni, wala msijue kwamba mmepita chini yake. Wanyama wanaobaki chini, kama funo na paa wadogo, wanaishi kwa kujificha, na mtu mmoja anayeongea kwa sauti anatosha kuwakimbiza wote. Tembo na nyati walishatoweka Usambara Mashariki zamani. Kwa hiyo mtu anayetembea Amani saa tano mchana, na kundi la watu wanane wanaopiga soga, akitegemea mnyama mkubwa, atarudi na vipepeo. Na hao vipepeo nao si haba: wanavijiji wa pale waliwafuga kwa miaka mingi, wakauza pupa zao, yaani mabuu yaliyokwisha kujifunga yakingoja kuwa vipepeo, kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani, mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016.

Amani inatembelewa kwa ajili ya viumbe ambao huwapati kwingine. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita upande wa Kenya hadi Udzungwa. Kwa mamilioni ya miaka milima hii imepokea unyevu wa Bahari ya Hindi bila kukatika sana, hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikasinyaa. Msitu huu ukabaki, umetenganishwa na misitu ya Kongo, na viumbe waliokuwa ndani yake wakaendelea kubadilika wakiwa peke yao. Ndiyo maana kuna ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu ambaye makazi yake yanayojulikana ni Usambara Mashariki na nyanda za Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, basi. Kuna chura ambaye hatagi mayai majini wala hana viluwiluwi; anazaa vyura wadogo waliokwisha kukamilika. Na kuna lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda kwenye vyungu madirishani. Asili yake ni kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito vya huku. Mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi linalotokana na lake. Kuliona likiota lenyewe kwenye mwamba, baada ya kulijua kwa picha tu, kwangu mimi kuna thamani kuliko pundamilia mia. Najua si kila mtu atakubaliana nami.

Sasa sikiliza hili kwa ajili ya watoto: nendeni msituni usiku. Mwombeni mwongozaji wa pale pale Amani, anayezijua njia, awatembeze mwendo wa saa moja hivi baada ya giza kuingia, kila mtu na tochi yake. Mchana kinyonga ana rangi ya majani na macho yenu yanampita. Usiku analala kwenye ncha ya kijiti chembamba, mahali ambapo nyoka hawezi kumfikia bila kukitikisa kijiti na kumwamsha. Akiwa usingizini rangi yake inapauka, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa kati ya majani meusi. Kuna wenye pembe tatu puani, na kuna wale wadogo wa kahawia wenye mkia mfupi wanaolala chini kabisa, usawa wa goti. Hao wa chini, mwanao wa miaka sita atawaona kabla ya baba yake. Kanuni ni kutazama bila kugusa, na tochi isikae usoni mwa kinyonga mpaka akaamka.

Mchana wapelekeni bustani ya mimea. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti hapo mwaka 1902 na kupanda miti kutoka karibu kila pembe ya dunia ya joto, ukiwemo mkwinini, ambao gamba lake lilikuwa dawa kuu ya malaria enzi hizo. Mkweo atapapenda: hewa ni ya ubaridi, njia nyingine ni pana na hazina milima mikali, na iliki na mdalasini atavikuta vikiwa shambani. Mwongozaji atawaonyesha pia Maesopsis, mti ambao Waganda huuita musizi. Uliletwa kwa ajili ya mbao, kisha ukatoroka. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanadondosha mbegu kila wanakotua, na kila palipokatwa miti ya asili musizi umejaa. Muulizeni kwa nini hauondolewi wote. Mkubwa wako wa miaka kumi atapata mjadala wa kutosha mpaka chakula cha jioni.

Nimesema Juni. Pasaka huangukia kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Aprili, yaani ndani ya masika. Usambara Mashariki iko karibu na bahari, na upepo unaotoka huko umebeba unyevu. Ukikutana na milima unalazimika kupanda, unapoa, mvua inashuka. Amani hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar, na haina mwezi mkavu kabisa. Hata Juni bebeni makoti ya mvua. Tofauti ni kwamba Juni mvua itawalowesha, wakati Aprili itawafungia njia. Saadani baadhi ya kambi hufunga kabisa Aprili na Mei.

Hapo ndipo inapokuja Noah. Kutoka Muheza hadi lango la Sigi, chini ya mlima, msimu mzuri gari lenu linaweza kufika likienda taratibu. Juu ya Sigi kuna kona kali zinazopindana, mawe, na sehemu zenye utelezi kila ikinyesha. Gari lenye tumbo la chini na abiria watano na mizigo yao si la pale. Saadani shida ni nyingine: sehemu kubwa ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo ukinywa maji unavimba, unashika matairi mpaka yanakuwa laini kama sabuni, na hapo hata gari linalovuta kwa magurudumu yote linaanza kucheza. Ukikauka ni mgumu na una nyufa. Mwanzoni mwa Juni unaweza kukuta madimbwi ya masika bado yapo, kwa hiyo kama ratiba inaruhusu sogezeni mpaka nusu ya pili ya mwezi.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kukodi gari la juu na dereva tangu Dar kwa siku zote sita. Ni ghali, ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika safari hii, lakini kwa mzee na watoto ndiyo ningeichagua. Ya pili ni kwenda na Noah hadi Muheza, mkaiacha mahali salama na kukodi gari la kupanda mlima hapo. Ya tatu ni kukomea Sigi. Pana nyumba ya wageni, mto, na njia za kutembea, na jengo la zamani la kituo cha reli ya Wajerumani iliyokuwa ikiishia hapo. Mnaweza kupanda Amani siku moja kwa gari la kukodi na kurudi. Hii ya tatu ni nafuu, ila mtalala kwenye joto na mbu wengi zaidi kuliko juu.

Hao mbu wananileta kwa shemeji.

Malaria ipo, hajakosea. Tambarare ya Muheza imejulikana kwa miaka mingi kuwa na maambukizi makubwa. Utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki uliwekwa Amani miaka ya 1950, na tambarare hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake la utafiti. Lakini kadiri mnavyopanda, ndivyo hatari inavyopungua. Ubaridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla hawajawa na uwezo wa kuambukiza. Kulala Amani penyewe, kwenye mita 900 hivi, ni afadhali kuliko kulala Muheza mjini au Saadani. Hatari inapungua tu, haiishi.

Watu wengi wa Dar wanajiambia, "Sisi wenyeji, tumeshazoea." Kinga ya malaria haitokani na uraia. Inajengwa kwa kuugua mara kwa mara na inapungua usipoambukizwa. Watoto waliokulia mjini, penye maambukizi madogo, wanaingia Muheza wakiwa karibu sawa na mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Kwa hiyo: chandarua chenye dawa kwa kila kitanda (bebeni vyenu, msitegemee vya wenyeji), mikono mirefu na soksi kuanzia magharibi, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Kuhusu vidonge vya kinga, mwoneni daktari wiki mbili au tatu kabla, mkiwa na watoto na orodha ya dawa za mkweo, kwa sababu dozi ya mtoto hufuata uzito na baadhi ya vidonge hivyo havipatani na dawa nyingine. Hili sitaki mliamue kwa jibu langu wala kwa muuza duka.

Mbung'o ni wa Saadani. Ndani ya msitu wa Amani sahauni habari zao. Upande wa kaskazini wa hifadhi ile ulikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, na mbung'o walikuwa miongoni mwa sababu kubwa za ranchi hiyo kushindwa, kwa kuwa wanaambukiza ng'ombe nagana, yaani malale ya mifugo. Kwa binadamu wanaweza kueneza malale, ingawa wagonjwa wengi wa malale nchini wametokea mikoa ya magharibi. Mtakachokipata kwa uhakika ni maumivu ya kuumwa. Mbung'o huuma mchana, anafuata kitu kinachotembea, na anavutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Dawa za mbu hazimsumbui sana. Vaeni rangi za mchanga au kijani kilichofifia, na fungeni vioo mkipita vichakani. Jinzi ziacheni Dar.

Nyoka wapo Usambara na wapo Saadani, kama walivyopo Mbezi. Viatu vya kufunika mguu, tochi usiku, msitie mkono palipo na magogo na majani makavu bila kutazama. Ikitokea mtu ameumwa, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Kilazeni kiungo kisichezecheze, vueni pete na bangili, na mwende hospitali moja kwa moja: Hospitali Teule ya Muheza au Bombo, Tanga. Kabla ya kuondoka Dar, pigeni simu mjue wapi kuna dawa ya sumu ya nyoka wiki hiyo. Shemeji hakutaja maji, ila mimi nitayataja: watoto wasiogelee kwenye madimbwi na vijito vilivyotulia vya tambarare, kwa sababu ya kichocho.

Saadani sasa. Ni hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayogusa bahari, tangu ilipopandishwa hadhi mwaka 2005, na kwa sababu hiyo kila tangazo linaweka tembo au simba mbele ya mawimbi. Picha hizo ni za kweli, ila ni za bahati. Wanyama wake ni wachache na waoga kuliko wa Mikumi. Mara nyingi asubuhi mtakuta nyayo mchangani na mwenyewe keshapita. Twiga, ngiri, kuro na tohe mnaweza kuwategemea. Kama roho za watoto ziko kwa simba tu, nakwambia bila kuuma maneno: gawanyeni safari, Amani mwaka huu na Mikumi mwakani.

Kinachostahili usiku mbili pale ni Mto Wami. Mnapanda boti, mkweo amekaa kitako bila kuumiza goti, na pande zote mbili kuna mikoko, viboko wamelala kwenye maji, mamba kwenye tope, kwazi juu ya miti. Mto huo huo ndio unaofanya bahari ya jirani iwe ya kahawia, kwa hiyo msitegemee maji ya Zanzibar. Kuogelea baharini muulizeni askari wa hifadhi au mwenyeji wa kambi mahali na saa. Mdomo wa mto usisogelewe kabisa, mamba hawasomi mipaka ya maji chumvi. Ufukwe wa Madete kasa wa kijani hutaga, na Juni kuna uwezekano wa kukuta vifaranga wakitoka, maana mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Kifaranga hutambua bahari kwa kufuata upande wenye mwanga zaidi, na tochi ya simu inampeleka vichakani. Kwa hiyo tochi zilizowafurahisha watoto Amani, hapa zinazimwa. Mkweo akipenda historia, mpitisheni kijiji cha Saadani, alikotawala Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888.

Kutoka Amani mnaweza kushuka Muheza, mkapita Pangani na Mkwaja, mkaingia Saadani kwa kaskazini. Ulizeni siku hiyo hali ya kuvuka Mto Pangani na ya barabara ya Mkwaja. Kama haieleweki, rudini barabara kuu kupitia Segera, kisha ingieni kwa Mandera. Ni ndefu lakini haina kitendawili. Siku ya kwanza ondokeni Dar alfajiri mfike mlimani kabla ya jua kuzama, zile kona hazipandwi gizani. Malipo ya Amani yako kwa Wakala wa Huduma za Misitu na ya Saadani kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Vitambulisho vya taifa msisahau, mwananchi analipa kidogo sana kuliko mgeni.

Mkweo apimwe presha kabla ya safari. Kama haijatulia, daktari wake ndiye atakayesema kama aende, kwa kuwa kutoka ndani ya Saadani hadi hospitali kubwa ni saa kadhaa za barabara mbaya. Abebe dawa za siku kumi ingawa mnakwenda sita, na zikae kwenye mkoba wake, zisiwekwe kwenye buti.

La mwisho ni homa. Ikimpata mtoto siku ya pili ya safari, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuipata huko, kwani malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu kuumwa na mbu. Mpimeni hata hivyo. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, pimeni siku hiyo hiyo, msimpe panadol mkasubiri kesho. Mtoto akizubaa, akitapika kila kitu, akipumua kwa haraka au akishikwa na degedege, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane. Pahali alipoumwa na mbung'o pakifanya kidonda kilichovimba na homa ikafuata, mwambieni daktari kwamba mlikuwa Saadani na tarehe mlizokaa, kwa sababu daktari wa Dar hatafikiria malale asipoambiwa.